Kimaiyo Aliyevusha Watu Kipsogon

Mto Kipsogon si mkubwa. Wakati wa kiangazi mbuzi waliuvuka bila kulowa magoti, na wanawake wa Kapsolu walianika nguo juu ya mawe yaliyo katikati yake. Lakini unatoka juu kabisa kwenye msitu wa Mau, na mvua ikinyesha kule watu wa chini hawana habari. Ungeweza kusimama juani, anga jeupe, hujaona wingu tangu asubuhi, halafu usikie kitu kama lori linashuka mlima. Ukigeuka kuangalia, maji yamefika, mekundu, yamebeba matawi na povu.

Kapsolu ilikuwa upande mmoja wa mto. Upande wa pili, kuelekea Rongai, kulikuwa na soko, maduka ya Wahindi, stesheni ndogo ya treni, na dispensari. Kwa hiyo chochote ambacho mtu wa Kapsolu alikihitaji na hakukuwa nacho nyumbani, kilikuwa ng'ambo.

Kimaiyo arap Tuei alijenga karibu na kivuko mwaka aliorudi kutoka vita vya Burma. Hakupachagua kwa sababu ya kivuko. Alipachagua kwa sababu nyasi zilikuwa nzuri na hakuna jirani aliyekuwa karibu sana. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, maneno machache, na alichotaka ni kufuga ng'ombe wake na kukaa na mkewe, Chepchirchir, bila mtu kumpigia filimbi asubuhi.

Msimu wa mvua wa kwanza, mwanamke mmoja alifika ukingoni na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kali, hajui hata alipo. Maji yalikuwa yamepanda. Yule mwanamke hakuita mtu; alisimama tu pale, akitazama ng'ambo, anakanyaga mguu huu na huu. Kimaiyo alimwona akiwa kwenye boma lake. Alivua shati, akateremka, akamwambia, "Panda mgongoni, mama. Mtoto mfunge mbele." Akawavusha wote wawili. Aliporudi alikuta mzee mmoja ameketi kwenye jiwe anamngoja, naye pia anataka kwenda sokoni.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hakuna aliyemwajiri na yeye hakuomba. Lakini habari ilienea kwamba pale kivukoni yuko mtu anayevusha watu, na ikifika mwezi wa nne, mvua ndefu zikianza, sauti zilikuwa zinamfuata mpaka ndani ya nyumba. Akila, anaitwa. Akikamua, anaitwa. Wengine walimpa tumbaku, wengine mahindi, wengine kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Asiye na kitu alisema asante akaenda zake, na Kimaiyo hakumkumbusha siku nyingine.

Alikuwa na namna yake. Alishika fimbo ndefu, akaupa mto bega, akatembea polepole akipanda kidogo dhidi ya maji, mguu mmoja ukipapasa kabla ya mwingine kuondoka. Aliyekuwa mgongoni aliambiwa mambo mawili tu: asiangalie maji, na asimkabe. La pili liliwashinda wengi. Mhubiri mmoja wa misheni aliomba kwa sauti tangu ukingo hadi ukingo, na walipofika katikati Kimaiyo akamwambia, "Mchungaji, omba, lakini shingo yangu iache." Fundi cherehani wa Kapsolu alitaka cherehani yake ivuke kwanza, ndipo yeye afuate, maana alisema ikianguka cherehani hakuna haja ya yeye kufika.

Hata Chifu Kosgei alivushwa. Chifu alikuwa mtu mnene, sauti nzito, na hakuna aliyemwona akikimbia wala akicheka mbele ya watu. Akienda kukusanya kodi ng'ambo, alipanda mgongoni mwa Kimaiyo akiwa na kofia yake ya serikali kichwani na viatu vyake mkononi. Watu waliokuwa ukingoni walijifunza kutazama kando mpaka awe amefika na amevaa viatu.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba Kimaiyo aliuogopa ule mto. Huko Burma aliwaona wenzake wakivuka maji na mizigo imefungwa mgongoni, wakachukuliwa, na mizigo ile ile ikawa ndiyo inawazamisha. Kila alipoingia Kipsogon na mtu mgongoni, aliwaona tena wale. Alidhani hofu hiyo itapungua kadiri anavyozoea. Haikupungua. Ilizidi, kwa sababu kila mwaka watu waliomtegemea walikuwa wengi zaidi, na yeye alikuwa na umri zaidi.

Kisha ikaja siku ya Jeruto.

Jeruto alikuwa msichana aliyeolewa nyumba ya pili kutoka kwa Kimaiyo. Mumewe alikuwa kazini kwenye shamba la mlowezi upande wa Njoro, anakuja nyumbani mara chache. Uchungu ulimshika jioni, na kufikia asubuhi wanawake waliokuwa naye walitoka nje wakazungumza kwa sauti ya chini. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkubwa wao alimwendea Kimaiyo akamwambia, "Huyu ni wa dispensari, na ni sasa."

Maji yalikuwa yanapanda. Si mengi, lakini yalikuwa mekundu, na Kimaiyo alijua maana yake: kule juu ilikuwa inanyesha. Hakuweza kumbeba Jeruto mgongoni. Alimbeba mikononi, kifuani, bila fimbo, akaingia.

Walikuwa wamepita katikati gogo lilipokuja. Hakuliona. Lilimpiga pembeni ya goti, akasikia kitu kimelia ndani ya mguu, akaenda chini. Alichokumbuka baadaye ni kwamba mikono yake ilibaki juu. Yeye alikuwa ndani ya maji mpaka puani na mikono iko juu, imemshika Jeruto, na mto unawapeleka wote wawili kwenye kona.

Ng'ambo alikuwapo Anyango, mke wa kibarua mmoja wa reli, ambaye kila wiki alileta samaki wakavu kuuza Kapsolu. Alikuwa ameketi na kikapu chake akingoja kuvushwa. Alipoona mambo yalivyo alikimbia kwenye kona, akalala kifudifudi ukingoni, na Jeruto alipopita akamdaka nguo kwa mikono miwili. Akashikilia. Kimaiyo akapata mizizi ya mti ulioinamia maji, na kelele za Anyango zikawaleta watu wa reli na kamba.

Jeruto alifikishwa dispensari na mtoto akazaliwa kabla ya jua kuwa juu, msichana, mzima. Jioni watu walikuja nyumbani kwa Kimaiyo na maziwa na asali. Walimsifu. Walisema mtu kama huyu hayuko kutoka hapa hadi Eldama Ravine. Kimaiyo aliketi na mguu umenyooshwa, goti limefura, akaitikia kila mmoja.

Walipoondoka, Chepchirchir alimwona amekumbatia mikono kifuani.

"Baba Kimutai, una baridi?"

"Hapana."

Akamletea blanketi hata hivyo, akaketi karibu naye. Kimaiyo akasema, "Wote wamekuja kuniambia asante. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama niliogopa."

"Uliogopa?"

"Nimekuwa naogopa tangu yule mama wa kwanza."

Chepchirchir alimfunika blanketi vizuri. Alikuwa ameishi naye miaka yote hiyo na hakulijua hilo. "Basi acha," akasema.

"Nitaachaje? Akisimama mtu pale ukingoni na mtoto mgonjwa, mimi nikae hapa nimtazame?"

Na kweli hakuacha. Goti lilipona nusu. Mvua zilizofuata aliingia tena majini, anachechemea, na watu, kwa kuwa walikuwa wamesikia habari ya Jeruto, walimwamini kuliko zamani.

Mwaka uliofuata baraza kubwa liliitishwa Kapsolu. Alikuja afisa wa wilaya na mkalimani, na Chifu Kosgei akaeleza jambo lenyewe. Serikali ilikuwa imetenga pesa za maendeleo, na kila lokesheni ilitakiwa kuchagua kazi moja. Wanaotaka kitu waseme. Miaka ile serikali ilijulikana zaidi kwa kuchukua kuliko kutoa, na watu walikaa kwanza wakatazamana, wakifikiri kuna mtego mahali.

Chifu hakungoja. Alisema lokesheni ilihitaji josho la ng'ombe. Kupe walikuwa wamemaliza ndama msimu uliopita, kila mtu alijua, na maji ya dawa yangekuwa faida kwa kila boma. Wengi waliitikia. Kisha mwanamke mmoja kutoka nyuma akasema, "Na daraja je?"

Pakawa na minong'ono. Mzee Kipsang, ambaye hakuna aliyempinga kirahisi, aliinuka akiegemea mkongojo wake. "Daraja ni kitu kizuri," akasema. "Lakini sisi tuna Kimaiyo. Mungu alitupa mtu. Mkijenga daraja, yeye atakula nini? Mtu ametuvusha miaka yote hii, halafu leo tumwambie hatukuhitaji? Mimi sipendi jambo hilo. Tuchukue josho, na Kimaiyo tumuongezee heshima."

Mzee alisema kwa moyo mwema, na watu wakapiga makofi kwa moyo mwema. Kimaiyo alikuwa ameketi kwenye nyasi kando, mguu umenyooshwa. Aliona nyuso zinamgeukia, zinatabasamu. Hakuwahi kusema neno barazani maisha yake yote. Alitazama upande wa wanawake akamwona Chepchirchir, ambaye hakuwa anatabasamu.

Akasimama. Ilimchukua muda kwa sababu ya goti.

"Mzee amesema vizuri," akasema, "na ninamshukuru. Lakini mimi sitaki kazi hii." Sauti ilikuwa ndogo, na waliokuwa nyuma wakaambiana wanyamaze. "Nimewavusha karibu nyote mlioketi hapa. Sijawahi kuvuka na mmoja wenu bila kuogopa. Mguu huu haushiki tena kama zamani. Siku moja nitamwangusha mtu. Sijui kama atakuwa mama wa huyu au mtoto wa yule. Na mimi ndiye nitakayepanda huku juu kuja kuwaambia. Sitaki siku hiyo inikute. Kama serikali imeleta pesa, nijengeeni daraja. Chakula nitatafuta."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Kipsang alibaki amesimama, ametazama chini, kisha akasema polepole, "Hatukujua, Kimaiyo," akaketi naye.

Waliponyoosha mikono, daraja lilishinda. Chifu Kosgei aliliandikisha, lakini watu waliona hakufurahi.

Aliyeletwa kujenga alikuwa fundi kutoka idara ya ujenzi ya serikali, jina lake Masinde, mtu wa Kimilili, mfupi, mcheshi, anayependa chai nyingi. Alikuja na lori la mbao, simiti na vyuma, na siku ya kwanza akauliza nani anaujua mto. Watu wote wakamwonyesha Kimaiyo.

Kimaiyo alimpeleka kivukoni. "Ni hapa," akasema. "Hapa maji ni mapana, hayana nguvu sana. Mimi nimepita hapa miaka yote."

Masinde alitazama, akatembea kwenda juu, akarudi, akaenda chini. Kisha akasema, "Mzee, daraja halitakaa hapa. Litakaa kule kwenye mawe."

Alikuwa anaonyesha mahali mto unapobanwa, juu kidogo ya kivuko. Kimaiyo hakupapenda. Pale maji yalipiga kelele hata wakati wa kiangazi, na watoto walikatazwa kupakaribia. "Pale ni pabaya," akasema. "Pale hata mimi siingii."

"Wewe unapita ndani ya maji. Daraja linapita juu."

"Fundi, mto huu mimi ninaujua."

"Sikatai."

Kimaiyo akaondoka bila kuaga, akakaa nyumbani siku nzima amekasirika. Kesho yake Masinde mwenyewe alikuja kumwita. Alikuwa na fimbo ya chuma na nyundo. Kivukoni alikigonga kile chuma mchangani, kikashuka, kikashuka, mpaka kikabaki kidogo tu. "Nguzo ikisimama hapa, mto utaichimba chini," akasema. Kisha wakaenda kule kwenye mawe. Chuma kiliingia kidogo tu na kulia kama kengele, na nyundo ikaruka mkononi. Masinde alikichomoa. Alimpa Kimaiyo nyundo ajaribu mwenyewe.

Kimaiyo alijaribu hapa na pale. Kila mahali kililia.

"Haya," akasema mwishowe. "Jenga hapa."

"Nitahitaji vibarua."

"Mguu wangu mmoja ni mbovu."

"Mawe yanabebwa na mikono," Masinde akasema, na Kimaiyo akacheka, jambo ambalo Chepchirchir alipoambiwa hakuliamini.

Kazi ilienda vizuri kiangazi chote. Kimaiyo alibeba mawe, akachanganya simiti, na mchana walikunywa chai pamoja chini ya turubai la lori, Masinde akimweleza habari za kwao na jinsi madaraja mengine yalivyomsumbua. Nguzo mbili zilisimama, moja kila upande. Zilikuwa nzuri, za kijivu, pana chini na nyembamba juu, na watoto walikuja kuzipapasa.

Halafu siku moja lori lilikuja tupu. Dereva alizungumza na Masinde kando, na Masinde akaanza kukusanya vyombo.

"Pesa za mwaka huu zimekwisha," akamwambia Kimaiyo. "Zilizobaki zimepelekwa mahali pengine, kazi ya haraka. Wanasema tutarudi."

"Lini?"

Masinde alifunga mfuko wa misumari kabla ya kujibu. "Mimi ni wa kutumwa, mzee. Sijui."

Lori likaondoka. Nguzo zikabaki zinatazamana na mto unapita katikati, na watu wa ng'ambo wakawa wanauliza kwa mzaha kama daraja la Kapsolu ni la ndege. Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha. Kimaiyo alitoa fimbo yake ya zamani mahali alipokuwa ameichomeka darini. Aliijaribu, akaona mkono unaikumbuka vizuri, na moyo ukamwanguka.

Chifu Kosgei alikuja kwake asubuhi moja akiwa kwenye mavazi kamili ya serikali. Kimaiyo alidhani anataka kuvushwa, akainuka kwenda kivukoni.

"Kaa," Chifu akasema. "Vaa shati lako zuri. Tunakwenda Nakuru."

"Kufanya nini?"

"Kuomba pesa zetu."

Ile ilikuwa miaka ya Emergency, serikali ikipigana na Mau Mau, na mtu hakusafiri ovyo bila pasi, lakini ukiwa na chifu, chifu ndiye pasi. Walivuka, maji yakiwa bado madogo, Chifu akitembea mwenyewe safari hii, suruali imekunjwa, kisha akapanda treni ya mchana na Kimaiyo nyuma yake. Nakuru Kimaiyo alikuwa ameipita mara mbili tu, akienda vitani na akirudi. Sasa aliona maghala ya ngano kando ya reli, mikokoteni, wanawake wanaouza kabichi, na watu wengi ambao hawakumsalimu. Goti lilimuuma kwa sababu ya ile barabara ngumu.

Katika ofisi za serikali, karani aliwaambia Bwana mkubwa ana kazi, warudi wiki ijayo. Chifu Kosgei akasema watangoja. Wakakaa kwenye benchi la nje. Watu waliingia na kutoka. Mchana ulipita, na Chifu, ambaye kwake hakungojeshwa na mtu, alikaa wima na kofia yake magotini bila kulalamika. Mwishowe karani alichoka kuwatazama, akawaingiza.

Bwana mkubwa alikuwa Mzungu mwenye uso mwekundu na sauti ya uchovu. Aliongea Kiswahili cha amri. "Kosgei. Nini?"

"Daraja la Kipsogon, Bwana."

"Ile ngoja. Pesa hapana. Mwaka mwingine."

Chifu hakusogea. "Bwana, mimi ni chifu wa serikali. Nikienda kukusanya kodi ya serikali, ninavuka mto. Ninavuka nikiwa mgongoni mwa mtu huyu."

Mzungu alimtazama Chifu, unene wake wote, akamtazama Kimaiyo, akaanza kucheka.

Chifu Kosgei hakucheka. Alingoja Mzungu amalize. "Watu wangu hucheka pia," akasema, "lakini hucheka nikishapita. Hilo ninaweza kulivumilia. Mtu huyu amevunjika goti akimvusha mwanamke wa kuzaa. Mvua ikija ataingia tena, kwa sababu hawezi kuwakatalia watu. Ataanguka. Serikali imejenga nguzo mbili pale, kila mtu anaziona. Watu wakifa katikati ya nguzo za serikali, watakuja kuniuliza mimi. Na mimi nitakuja hapa kukuuliza wewe."

Mzungu akamgeukia Kimaiyo. "Wewe. Onyesha goti."

Kimaiyo alipandisha suruali. Goti lilikuwa limekaa upande, lina kovu refu, na kwa sababu ya kutembea lilikuwa limefura tena. Mzungu aliliangalia kwa muda, akatazama dirishani, akasema kitu kwa Kiingereza kwa karani wake. Walizungumza kidogo, karani akitikisa kichwa kwanza, kisha akiitikia.

"Rudi nyumbani," Mzungu akasema. "Fundi atakuja."

"Lini, Bwana?" Chifu akauliza.

"Kabla ya mvua."

"Mvua imeanza Mau."

Mzungu akavuta pumzi. "Atakuja upesi, Kosgei. Nenda."

Walirudi kwa treni. Karibu na stesheni yao Chifu akasema, akitazama nje, "Mimi nilitaka josho."

"Ndiyo, Chifu."

"Ndama wangu walikufa. Sikuwa nasema uongo."

"Hata wangu walikufa," Kimaiyo akasema. "Siku ya josho nitasimama tena niseme."

Chifu alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akamkaribisha tumbaku yake mwenyewe.

Wote wawili hawakuliamini sana neno la Mzungu. Lakini wiki hiyo hiyo lori lilisikika likishuka barabara ya soko, limeinama kwa uzito, na Masinde ameketi juu ya mbao anapunga mkono. Walifanya kazi kwa haraka ambayo Kapsolu haikuwahi kuiona. Wanaume waliokuwa wakimngoja Kimaiyo awavushe walikuja wenyewe kubeba. Vyuma virefu vilivutwa kwa kamba kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, watu wengi wakivuta, Masinde akiimba ili waende pamoja. Mbao zikapigiliwa. Wanawake walikuja wakamwambia Masinde pasipokuwa na kitu cha kushika kando hawatapita na watoto, naye akaomba mbao zaidi, akaweka mikingo kila upande, imara, urefu wa kifua.

Mvua za kwanza ziliwakuta wanapigilia za mwisho. Siku Masinde alipoondoka, Kimaiyo alimpa mbuzi. Masinde alisema hataruhusiwa kusafiri na mbuzi kwenye lori la serikali. Akasafiri naye.

Maji makubwa yalikuja baada ya hapo, mchana, jua likiwa linawaka. Kimaiyo alikuwa shambani akipalilia viazi aliposikia ule mlio. Jembe lilimwanguka mkononi na miguu yake ikaanza kuteremka yenyewe. Alifika ukingoni akiwa ameshaanza kufungua vifungo vya shati.

Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, matawi yanapiga nguzo na kuzunguka. Ulikuwa mkali kuliko alivyowahi kuuona. Na juu yake watu walikuwa wanapita. Watoto wa shule walikuwa wamesimama katikati wanatema mate majini ili wayaone yakienda, mpaka mtu mzima akawafukuza. Mzee mmoja alikuwa anabishana na ng'ombe wake, aliyekataa kukanyaga mbao. Akamfunika macho kwa koti, ng'ombe akapita. Jeruto alitoka sokoni na sukari kichwani na mtoto wake anatembea kando, ameshikwa mkono, na hawakusimama hata kutazama chini.

Kimaiyo alisimama pale kwenye kivuko cha zamani, ambacho sasa kilikuwa chini ya maji yote hayo. Alitazama ukingo huu na ule. Hakukuwa na mtu anayengoja. Alitazama tena, kwa makini, kwenye vichaka na kwenye lile jiwe, kama mtu anayehesabu mifugo jioni akihofia mmoja amebaki. Hakuna.

Akaketi kwenye majani mabichi, vifungo vya shati viko wazi. Anyango, aliyekuwa anavuka kutoka stesheni na kikapu chake, alimwona toka juu ya daraja, akaegemea mkingo akamwita.

"Mzee Kimaiyo, ni nini? Umeumia?"

Kimaiyo alifuta uso kwa mkono. "Hapana, mama," akajibu. "Nimepumzika tu."

"Nikuletee samaki nyumbani?"

"Lete. Mama Kimutai yuko."

Anyango akaendelea na safari yake. Kimaiyo alikaa pale mpaka shati likakauka jasho, akautazama mto ukipita na mizigo yake ya matawi. Halafu akafunga vifungo vyake, kimoja kimoja, akapanda polepole kurudi kwenye viazi, kwa kuwa magugu yalikuwa bado mengi na udongo ulikuwa laini vizuri kwa kazi.